GARI LIKICHEMSHA NA KARAFUU NDANI

Wanachama, gari likichemsha njiani msimu wa mavuno, hasara si ya mwenye gari peke yake. Karafuu mbichi zikikaa guniani hupata joto, huvunda, na daraja hushuka.

Kujaza maji tu si dawa. Dereva aulizwe kwanza: limechemsha wapi? Likichemsha mlimani, likipanda polepole na mzigo, kisha likapoa kwenye tambarare, itazamwe feni. Mara nyingi mkanda umelegea, au matundu ya rejeta yamezibwa na vumbi na majani. Likichemsha tambarare kwa mwendo mzuri, shukuni mzunguko wa maji. Guseni kwa hadhari mipira ya rejeta: wa juu ukiwa baridi ilhali injini yachemka, themostati haikufunguka, wa juu moto na wa chini baridi, rejeta imeziba ndani. Maji yakipungua kila siku pasipo kuvuja, na moshi ukawa mweupe kama mvuke, hiyo ni gasketi ya hedi, safari isiendelee.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla injini haijapoa. Wakati wa kungoja, fungueni magunia mzimwage karafuu juu ya jamvi.