Safari ya Tanga Haifuati Ratiba ya Basi

Kila muhula wa pili unapoelekea ukingoni, walimu wengi wa Kiswahili na wa Historia huwaandikia wazazi barua za kuomba fedha za ziara ya pwani. Aghalabu ziara hizo huishia Fort Jesus na magofu ya Gede, kisha wanafunzi hurudi bara na picha na vifuko vya achari. Si vibaya. Hata hivyo, zipo shule chache zenye ari zinazovuka kutoka Mokowe hadi Lamu, na chache zaidi zinazoendelea hadi kisiwa cha Pate, alikozaliwa Mwana Kupona na ambako Utendi wa Tambuka ulitungwa mwaka wa 1728.

Walimu hao nawapongeza. Mwanafunzi aliyesoma Al-Inkishafi darasani, kisha akasimama kati ya kuta za Pate zilizobomoka, na miche ya tumbaku imeota palipokuwa sebule za matajiri, hahitaji tena kufafanuliwa maana ya fahari iliyopita. Ila Pate ni safari ya bahari, nasi huiandaa kana kwamba ni ya basi. Nayasema haya nikijua uzito wake, kwa maana kosa hilo nililitenda mimi mwenyewe nilipokuwa nikifundisha.

Tulikuwa na wanafunzi 22 na jahazi la tanga tulilokodi Lamu. Siku ya Ijumaa tulitweka tanga saa moja na nusu asubuhi, kusi ikitusukuma kwa nyuma, tukaupita mfereji wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa yamejaa. Ilikuwa raha tupu. Wavulana waliimba, wasichana wakafundishwa na baharia kushika usukani, na mimi nikajiona mwalimu hodari kuliko wote nchini.

Ratiba niliyoipiga taipu mwenyewe ilisema turudi Jumatatu saa saba, baada ya chakula cha mchana. Jumapili jioni nahodha alinijia kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "kesho tutoke saa tatu. Mkanda utajaa saa tano na nusu, kisha maji yataanza kutoka." Nilimjibu kwamba wali ulikuwa umeshaagizwa na kwamba basi lingetungoja Mokowe hadi jioni. Mzee yule alinitazama kidogo, akanyamaza. Nilikuwa mwalimu, na mwalimu kwa watu wa huko ni mtu wa kuheshimiwa, laiti angenikemea.

Tuliondoka saa saba. Kusi iliyotubeba Ijumaa sasa ilituelekea usoni, ikabidi jahazi liende kwa mbisho, huku na huku, kama mtu apandaye mlima. Tulipoingia Mkanda yapata saa kumi, maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Mabaharia walishika pondo, wakasukuma hadi jasho likawatiririka, lakini jahazi lilikaa juu ya fungu na kulala upande. Mikoko kulia, mikoko kushoto. Maji ya kunywa niliyoyapima kwa safari ya saa tatu yaliisha kabla ya Magharibi. Msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa ametapika njia nzima, alizirai mikononi mwa mwenzake. Nahodha alimlowesha kichwa, akampa dafu alilokuwa amejiwekea mwenyewe. Jahazi halikuelea tena mpaka saa moja na nusu usiku.

Aibu yangu kubwa ni kwamba jambo lile lingeweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote wa Jiografia. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Iliyojaa saa tatu Ijumaa itajaa karibu saa tano na nusu Jumatatu. Tena hayakuwa maji ya bamvua, yale yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Yalikuwa maji mafu, ambayo hata yakijaa hayana kina kikubwa. Kwa nini basi kazi hiyo asipewe mwanafunzi? Apewe jedwali la maji wiki tatu kabla ya safari, na ratiba ya ziara aiandike yeye, kisha nahodha aikague. Chakula na magofu vifuate maji.

Maji ya kunywa yahesabiwe kwa safari maradufu ya ile inayotarajiwa. Wanaoshikwa na kichefuchefu wale kitu chepesi asubuhi, wakae karibu na mlingoti wakitazama upeo wa macho, wala si kuinamia vitabu. Kanga au shuka kwa ajili ya jua isisahauliwe. Suala la haja nalo lizungumzwe mapema na waziwazi, hususan kwa wasichana. Nimeona watoto wakijinyima maji siku nzima kwa kuona haya.

Majaketi ya kujiokolea yavaliwe tangu gatini, yasirundikwe chini ya mizigo. Wapo watakaocheka kwamba Mkanda ni mfereji tu wa maji matulivu. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilizama Mtongwe, Mombasa, wakafa watu 272. Nacho kilikuwa hatua chache kutoka nchi kavu, katika safari ya dakika chache, kikiwa kimejaa kupita kiasi. Nahodha akisema chombo kimetosha, mwanafunzi mmoja asiongezwe, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti wa halmashauri ya shule.

Mwaka uliofuata nilirudi Pate na kundi jingine. Nahodha alikuwa yule yule. Nilimkabidhi karatasi tupu na kalamu, nikamwomba aniambie saa za kuondoka. Aliicheka ile karatasi, akatoka nje kutazama mwezi.