Nuru Isiyoonekana Juu ya Mapaa ya Eastlands

Baada ya sala ya Magharibi, katika maghorofa ya Umoja, Kayole na Buruburu, kina mama hupanda juu ya paa kuanua nguo, na watoto huwafuata. Wengi wetu tulikulia Pwani, ambako usiku usio na mwezi anga hujaa nyota hata mtu akashindwa kuzihesabu. Hapa Nairobi taa na moshi wa mji vimeifunika. Mtoto hutazama juu, akauliza: "Mama, nyota zimekwenda wapi?" Nasi, kwa uchovu wa siku, humjibu: "Teremka ukalale."

Ndugu wasomaji, swali hilo lastahili jibu. Nyota ziko pale pale. Macho yetu ndiyo yaliyozuiwa. Wataalamu wa falaki nao hukutana na kizuizi, kwani baina ya nyota mna mawingu makubwa ya vumbi, na ndani ya mawingu hayo ndimo nyota na sayari huzaliwa. Njia ya kupenya waliipata katika nuru ya namna nyingine.

Mwaka 1800, nchini Uingereza, William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kioo chenye pembe tatu, ukagawanyika rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, na joto likapanda. Palikuwa na nuru ambayo jicho haliioni. Leo huitwa infraredi. Sisi twaijua kwa ngozi: ndilo joto litupigalo usoni tunaposogelea jiko la makaa. Nayo hupita katika vumbi la angani ambalo huzuia mwanga wa kawaida.

Kwa nuru hiyo hutazama darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Guiana ya Ufaransa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, nayo iko umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya ngao ya tabaka tano inayoikinga na jua. Haina budi kuwa baridi mno, kwani chombo chenye joto hutoa infraredi chenyewe. Mtu aliyeketi kando ya jiko hawezi kuhisi joto la mshumaa ulio mbali. Imeona galaksi ambazo nuru yao ilianza safari zaidi ya miaka bilioni 13 iliyopita. Mwaka 2022 ilitambua kaboni dioksidi katika hewa ya WASP-39b, sayari inayozunguka nyota nyingine, mbali na jua letu.

Na mwanzoni mwa safari yake, darubini hiyo ilifuatiliwa kutoka kituo cha Malindi, kwetu Pwani. Bahari hiyo hiyo, tarehe 12 Desemba 1970, ndiko ilikorushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru wake.

Elimu hii basi si ngeni kwetu. Mnamo mwaka 964 Abdulrahman al-Sufi aliandika kitabu cha nyota, akataja wingu dogo ambalo leo lajulikana kuwa galaksi ya Andromeda. Hata hivyo, binti anapofika wakati wa kuchagua masomo, sauti ya kwanza kumwambia kuwa fizikia si yake mara nyingi hutoka nyumbani mwetu. Hatusemi kwa ubaya; twasema kwa kuwa nasi tuliambiwa hivyo. Lakini mlango ukishafungwa mapema, kuufungua baadaye ni kazi kubwa.

Tuanze na kilicho karibu. Usiku wa leo, zimeni taa ya sebuleni, mchukue rimoti ya televisheni, na kuielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu. Bonyezeni kitufe. Macho hayataona kitu, ila katika simu nyingi kitaa kilicho kwenye ncha ya rimoti kitawaka kwa weupe au zambarau. Hiyo ndiyo infraredi. Kisha mpandeni juu pamoja, na mtoto aulize tena swali lake.