Kumchagulia Kijana Chuo cha Usimamizi wa Ujenzi



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita mzazi mmoja alinijia nyumbani baada ya sala ya Isha, akifuatana na mwanawe. Kijana ametia nia ya kusomea usimamizi wa ujenzi. Baba naye alitaka aingie chuo kikuu miaka mitatu mfululizo, "kama watoto wa wenzetu, Mwalimu." Niliwauliza swali moja tu: ada italipwa na nani? Wote wawili wakanyamaza.

Hapa England, ada ya shahada kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilifikia pauni 9,535. Wanafunzi wengi huilipa kwa mkopo wa serikali, na mkopo huo una riba. Hili si jambo la Muislamu kulifumbia macho.

Alhamdulillahi, kazi hii ina mlango mwingine, nao ni uanagenzi wa shahada. Kijana huajiriwa na mkandarasi, hulipwa mshahara, na hutengewa muda wa kuhudhuria chuo, mara nyingi siku moja kwa juma. Ada hulipwa na mwajiri pamoja na serikali. Yeye hadaiwi hata senti. Hatimaye hupata shahada kamili, pamoja na uzoefu wa saiti. Lakini nafasi hizo hugombaniwa, muda wake huzidi miaka mitatu, na hali ya ukaazi wa mwombaji hutazamwa.

Atakayeikosa nafasi hiyo asikate tamaa. Kuna cheti cha HNC cha daraja la 4, ambacho kwa kawaida husomwa mwaka mmoja kwa anayesoma kutwa, au miwili kwa mwenye kazi. Baada yake huja HND ya daraja la 5, kisha shahada ya daraja la 6. Ngazi hupandwa kidato kwa kidato.

Kabla ya kutia saini popote, mzazi na aulize mambo matatu. Kwanza, je, masomo hayo yanatambuliwa na Chartered Institute of Building, taasisi ya wajenzi iliyoasisiwa mwaka 1834? Pili, je, wanafunzi hupelekwa saiti, au huishia darasani? Tatu, je, hufundishwa kupanga ratiba, kukadiria gharama, kusoma mikataba na kulinda maisha ya mafundi? Kanuni za usalama za mwaka 2015 zinataka kila mradi uwe na mpango wa usalama kabla kazi haijaanza. Msimamizi asiyeujua mpango huo huhatarisha roho za watu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kuunda hufunzwa kwa mikono na kwa kalamu pamoja.

Yule kijana sasa anawaandikia wakandarasi barua za maombi. Baba yake ndiye anayezisoma kabla hazijapelekwa.

Wabillahi tawfiq.