Kitufe Kinachobofywa Bila Kusomwa

Mwishoni mwa Juni saiba za miji ya Wote na Kitui hujaa. Makataa ya kuwasilisha taarifa za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ni tarehe 30, na mwalimu, muuza maembe na mwendesha bodaboda wote wanataka kuhudumiwa. Kwa miaka mingi fomu ya iTax, mfumo wake wa mtandaoni, imekuwa faili ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya jedwali: hukagua hesabu, kisha hutengeneza faili ya kupakia. Usipoziruhusu, fomu haifanyi kazi. Kwa hiyo mhudumu wa saiba hubofya kitufe cha kuruhusu hata kabla ya kusoma onyo.

Fomu yenyewe si tatizo. Ninachohofia ni mazoea ya kubofya, hasa yanapohamia kwenye kuweka programu mpya.

Unapoweka programu ya printa kwenye Windows, giza kidogo hufunika skrini na kisanduku huuliza kama unakubali. Ulinzi huo ulianza na Windows Vista mwaka 2007. Ukikubali, kisakinishi hupewa mamlaka ya msimamizi, na kila skripti kinayoiita hurithi mamlaka hayo. Ni kama kumpa fundi wa bomba funguo za vyumba vyote ilhali kazi yake iko jikoni. Skripti inaweza kuandika popote kwenye diski, kuzima kinga ya virusi na kujipangia kazi ya kuamka kila kompyuta inapowashwa. Kisakinishi kikishafungwa, hayo yote hubaki. Hata mwanafunzi wa chuo kikuu cha SEKU kule Kwa Vonza anayetumia Ubuntu yumo hatarini: akiweka kifurushi kwa amri ya sudo, skripti zilizomo huendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu.

Hatari kubwa saibani ni vile viprogramu vya kufungua Windows au Office bila leseni. Maelekezo yake huwa yaleyale: zima kinga ya virusi, kisha endesha kama msimamizi. Naelewa leseni ni ghali kwa biashara ya kuchapisha karatasi. Lakini kompyuta hiyohiyo hupitisha nakala za vitambulisho, PIN za KRA na nywila za eCitizen za watu ambao hawakuulizwa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda.

Programu halali nayo inaweza kugeuka. Tarehe 27 Juni 2017, wavamizi waliokuwa wameingia kwenye mitambo ya M.E.Doc, programu ya kodi ya Ukraine, walitumia njia yake ya masasisho kusambaza programu haribifu ya NotPetya. Ilipopata mamlaka ya msimamizi, ilichota nywila kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuharibu sehemu ya diski inayoiwasha. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000. Nakala moja tu ya seva zilizotunza orodha ya watumiaji wa mtandao wake ilipatikana nzima, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine hiyo ilikuwa imetoka mtandaoni.

Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila programu ipewe mamlaka madogo kabisa yanayotosha kazi yake. Saibani hilo halihitaji pesa. Windows ina akaunti za aina mbili: ya msimamizi, na ya kawaida isiyoweza kubadilisha mfumo. Mhudumu afanye kazi zote za siku kwenye ya kawaida. Fomu ya KRA hufunguka humo bila shida, na makro ikiwa mbovu haitapata mamlaka ya kugusa mfumo mzima. Nywila ya msimamizi ibaki kwa mwenye duka. Printa mpya ikija, nywila hiyo aiandike yeye, baada ya kusoma kwenye kisanduku jina la kampuni iliyotia saini programu hiyo. Na pakiandikwa kwamba mtengenezaji hajulikani, abofye hapana.