Hesabu za Baki: Kutoka Saa ya Ukutani hadi Hisabati ya Chuo Kikuu

Utangulizi

Shuleni swali la hisabati huwa ni "Jibu ni ngapi?" Mwaka wa kwanza wa chuo kikuu swali hubadilika: "Kwa nini kanuni hii inafanya kazi, na itashindwa wapi?" Katika mada hii utajibu swali la aina hiyo kwa kutumia kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu. Weka karibu kitabu chochote chenye ISBN, yaani namba ya utambulisho inayochapishwa nyuma ya jalada.

1. Saa na baki

Simu ikionyesha 9:00 asubuhi, kwa Kiswahili tunasema saa 3. Hesabu yake ni 9 + 6 = 15; gawanya 15 kwa 12, baki ni 3. Ukitaka kurudi, jumlisha 6 tena: 3 + 6 = 9. Kanuni ileile inakwenda na kurudi kwa sababu 6 + 6 = 12, na kwenye saa 12 ni mzunguko kamili, sawa na 0.

Namba mbili zinazoacha baki lilelile zikigawanywa kwa 12 ni sawa kwa moduli 12. Tunaandika 15 ≡ 3 (moduli 12). Alama hii ilianzishwa na Mjerumani Carl Friedrich Gauss katika kitabu chake cha mwaka 1801.

2. Tarakimu ya mwisho ya ISBN

ISBN ya sasa ina tarakimu 13. Tarakimu 12 za kwanza humtambulisha mchapishaji na kitabu. Ya 13 ni ya uhakiki. Zidisha tarakimu kwa 1, 3, 1, 3 kwa kupokezana, kisha jumlisha. Jumla lazima igawanyike kwa 10.

*Mfano.* Tafuta tarakimu ya mwisho ya 978997612345☐ (namba hii ni ya mfano tu).

Nafasi za 1, 3, 5, 7, 9, 11: 9 + 8 + 9 + 6 + 2 + 4 = 38
Nafasi za 2, 4, 6, 8, 10, 12: 7 + 9 + 7 + 1 + 3 + 5 = 32
Jumla: 38 + (3 × 32) = 134

Ili kufika 140 inahitajika 6. Basi tarakimu ya mwisho ni 6.

3. Kwa nini 3, na si 2?

Tuseme karani amekosea tarakimu moja kwa tofauti ya *d*, ambapo *d* ni kati ya 1 na 9. Penye kizidishi 3, jumla hubadilika kwa 3*d*: 3, 6, 9, 12, 15, 18, 21, 24 au 27. Hakuna hata moja inayogawanyika kwa 10, hivyo kosa hugundulika. Penye kizidishi 1, jumla hubadilika kwa *d* yenyewe, nayo haigawanyiki kwa 10.

Kama kizidishi kingekuwa 2, kosa la tofauti ya 5 lingebadilisha jumla kwa 2 × 5 = 10, na lingepita bila kuonekana. Siri ni hii: Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha 3 na 10 ni 1, lakini cha 2 na 10 ni 2.

4. Kanuni inaposhindwa

Katika mfano wetu, badilishana nafasi za 6 na 1 zilizo jirani. Awali zilichangia 6 + (3 × 1) = 9. Sasa zinachangia 1 + (3 × 6) = 19. Tofauti ni 10, kwa hiyo kosa halionekani! Hutokea kila tarakimu jirani zinapotofautiana kwa 5.

ISBN ya tarakimu 10, iliyotumika kabla ya mwaka 2007, haikuwa na udhaifu huo. Ilizidisha kwa 10, 9, 8, hadi 1, na jumla iligawanyika kwa 11. Kubadilishana tarakimu jirani mbili zisizolingana hubadilisha jumla kwa tofauti yake, ambayo haizidi 9. Haiwezi kugawanyika kwa 11. Gharama yake ni kwamba baki linaweza kuwa 10, ndiyo maana baadhi ya vitabu vya zamani vina herufi X mwishoni.

Zingatia: 11 ni namba tasa, 10 siyo. Katika moduli ya namba tasa, kila namba isiyo sawa na 0 ina KKS ya 1 na moduli hiyo. Chuoni utaikuta hoja hii katika nadharia ya namba, katika aljebra ya makundi, na katika mbinu za kuficha ujumbe.

Maswali ya kujipima

1. Leo ni Jumanne. Baada ya siku 100 itakuwa siku gani?
2. Tafuta tarakimu ya mwisho ya 978998765432☐.
3. Eleza kwa nini kizidishi 7 kingefaa badala ya 3, lakini 5 kisingefaa.

Majibu: (1) Alhamisi, kwa kuwa 100 ≡ 2 (moduli 7). (2) Jumla ni 149, hivyo 1. (3) KKS ya 7 na 10 ni 1; ya 5 na 10 ni 5, hivyo kosa la tofauti ya 2 lingepita, kwani 5 × 2 = 10.