Nilimshuku Mume Wangu, Kumbe Mgeni Nilimkaribisha Mwenyewe

Ilikuwa Ijumaa usiku, saa tatu na kitu. Mume wangu yuko bafuni anaoga, mimi nimeshika laptopu yetu ya nyumbani namalizia bajeti ya mwezi. Mara kwenye kona ya kioo, chini kulia, kikaibuka kipicha cha msichana aliyevaa nusu nguo, na maneno kwamba yuko jirani tu na anasubiri tuongee. Nikakifunga. Baada ya dakika mbili akaja mwingine. Halafu wa tatu.

Mwenzangu, ungefanyaje? Laptopu ni moja, watu ni wawili, na mimi najijua. Alipotoka bafuni na taulo kiunoni alikuta kompyuta iko wazi juu ya kitanda kama kielelezo mahakamani. Akaapa. Akaapa tena kwa jina la mama yake. Tukalala tumepeana migongo, na Jumamosi nzima tuliongea mambo ya LUKU na gesi tu.

Jumapili nikafanya kitu ambacho hadi leo naona aibu kukisimulia. Nilimpigia shoga yangu niliyesoma naye chuo, siku hizi anasimamia kompyuta za kampuni moja mjini, nikamuuliza kama kuna programu ya kuweka kwenye laptopu ili nione kila anachoandika mume wangu. Alinyamaza kidogo.

"Zipo," akasema. "Ndizo hizo za kijasusi ambazo mimi nalipwa kuziondoa. Ukiiweka, nywila zako mwenyewe za benki na barua pepe nazo zitarekodiwa, na hujui zinapelekwa kwa nani. Halafu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingilia mawasiliano ya mtu bila ruhusa, hata kama umevaa pete yake. Usiweke kitu, nakuja."

Alikuja jioni. Akafungua mipangilio ya kivinjari, akaenda kwenye sehemu ya faragha, kisha kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. "Hii mnaijua?" akauliza.

Niliijua. Ni tovuti niliyokuwa naangalia tamthilia ya Kituruki bure, usiku mume wangu akichelewa kazini. Siku ya kwanza iliniambia nibonyeze kitufe cha kuruhusu ili kuthibitisha kwamba mimi si roboti, nami nikabonyeza. Kumbe nilikuwa naipa kibali cha kutupia matangazo kwenye kioo chetu saa yoyote, hata nikiwa sijaifungua. Wale wasichana niliwakaribisha mwenyewe! Mume wangu pale kwenye kochi akakohoa.

Shoga yangu akanitetea. Akasema mwezi Mei 2000 kuna kirusi kilichosambaa duniani kwa siku chache tu, kikaingia kwenye mamilioni ya kompyuta, kwa sababu kilikuja kama barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU. Nani anakataa barua ya mapenzi? Akaifuta ile tovuti kwenye orodha, akaondoa pia vijiprogramu viwili vilivyojibandika kwenye kivinjari, na wasichana wakaisha hapo hapo.

Ila mume wangu naye hakucheka muda mrefu. Windows Security, yaani ile alama ya ngao, ilipofunguliwa tulikuta ulinzi umezimwa. Nani kazima? Fundi wake, aliyemwekea Office iliyochakachuliwa. Mafundi hao hukuambia uzime ulinzi kwanza, "usisumbue". Bila shaka usisumbue! Ni sawa na mgeni anayekuomba ufunge mbwa kabla hajaingia.

Tukauwasha, tukaupa kazi ya kuchunguza mashine nzima. Ilichukua karibu saa mbili, na ndani ya folda ya ile Office ukanasa programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Hapo hakuna aliyecheka. Nywila zetu za barua pepe zilikuwa humo, na ya benki pia. Baadaye tukafanya uchunguzi mwingine, ule ambao kompyuta inajizima na kuwaka tena, ikakaguliwa kabla Windows yenyewe haijaamka ili kilichojificha kikose pa kujifichia. Huo ni dakika kama 15.

Mimi nilikuwa nimeshatoa elfu hamsini nikaweka mezani. Akanirudishia. Mlinzi huyo, Microsoft Defender, yumo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, hulipii hata senti. Kwa maoni ya daktari wa pili alitumia Malwarebytes ya bure, ambayo inachunguza na kusafisha, ila hailindi muda wote. Usiweke walinzi wawili wa kudumu kwenye mashine moja, watagombana na kompyuta itakuwa nzito kama mkokoteni. Ile Office ya wizi ilitoka, ikaingia LibreOffice, ni bure kihalali na inafungua faili za Word na Excel. Mume wangu analalamika vitufe vimehama. Atazoea.

Nywila tulizibadilisha kwa simu wakati uchunguzi ukiendelea, maana ukibadilisha kwenye kompyuta yenye mwizi unampelekea mpya. Barua pepe kwanza, kwa kuwa nywila zingine zikipotea hutumwa huko, kisha benki.

Ubishi ulikuja pale aliposema kila mmoja awe na akaunti yake ndani ya Windows, isiyo na uwezo wa kusimika programu, na ya msimamizi ikae pembeni. "Sasa si ndiyo tutafichana?" nikauliza. Akasema siri zetu hazimhusu, yeye anazuia kitu kisijisimike kwa kubonyeza mara moja. Nywila ya msimamizi tunaijua wote wawili. Picha za harusi tulizinakili kwenye diski ya nje, tukaichomoa, kwa kuwa virusi vya kudai fidia hufunga hata diski iliyochomekwa.

Apdeti sasa tunaziacha ziingie zenyewe. Yetu ni Windows 11. Kama yako bado ni Windows 10, Microsoft iliacha kuipa apdeti za kawaida za bure tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa mashine ni ya zamani na inakataa 11, Linux Mint ni bure.

Nilimwomba radhi mume wangu jioni ile ile, mbele ya shoga yangu, na si kwa yale ya Ijumaa tu. Nilimweleza pia nilichotaka kuweka. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema afadhali nimemwambia. Elfu hamsini ile tulikwenda kulia samaki, watatu wote.

Tamthilia sijajua hadi leo iliishaje.