Kisangani: Ukisafiri, nani atabaki na mbwa wako?

KISANGANI. Mkazi wa Kisangani anayejiandaa kwenda Kinshasa ana mengi ya kupanga. Kuna tiketi ya ndege ya kutokea Bangoka au nafasi kwenye boti inayoshuka mto, kuna mizigo, kuna pesa za kuachia nyumba. Mbwa hukumbukwa siku ya mwisho. Jirani anaitwa, anaachiwa faranga chache za chakula pamoja na ahadi ya zawadi, na safari inaanza.

Mara nyingi mambo huenda salama. Jirani anakumbuka maji, mbwa anabweka usiku kama kawaida, na mwenye nyumba anarudi kumkuta akitikisa mkia.

Lakini kuna siku mambo hugeuka. Mbwa amekata kamba na kumng'ata mtoto anayetoka shule. Au ameacha kula tangu juzi, na simu ya mwenyewe haipatikani kwa kuwa yuko katikati ya mto. Hapo ndipo watu huanza kuulizana: nani alikuwa na dhamana? Nani atalipa hospitali?

Katika miji mingi duniani kazi hii ya jirani imekuwa biashara ndogo yenye kanuni zake. Nchini Marekani, Patti Moran alianzisha mwaka 1994 chama cha watu wanaoifanya kwa malipo, Pet Sitters International. Kisangani bado inajulikana zaidi kama msaada wa ujirani. Kwa kijana anayetafuta kazi ya kuanza bila mtaji mkubwa, ni mlango ambao unaweza kufunguka, ila anayeuingia anapaswa kujua kinachomngoja ndani.

Mfuate mbwa kwake

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kujenga vibanda uani na kuwakusanya mbwa wa wateja. Kwa mji kama Kisangani, hilo ndilo wazo la gharama kubwa na la hatari zaidi. Linahitaji kiwanja, ukuta na mabati. Linaleta kelele kwa majirani. Pia linawakutanisha mbwa wasiofahamiana, hivyo kupe, viroboto na magonjwa hupita kwa urahisi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Njia ya pili ni rahisi: mtunzaji humfuata mbwa nyumbani kwake, asubuhi na jioni. Anampa chakula na maji, anasafisha mahali anapolala, anamkagua mwili, anamtembeza kidogo kwa kamba, kisha anafunga lango na kuondoka.

Kwa Kisangani njia hii ina faida nyingine. Watu wengi hapa hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Ukimhamisha mbwa, umeiacha nyumba bila mlinzi katika siku zile zile ambazo mwenyewe hayupo. Akibaki kwake, anaendelea na kazi yake, na mtu anayeingia na kutoka mara mbili kwa siku anaonyesha kwamba nyumba ina watu.

Hesabu ya toleka

Kosa la wengi wanaoanza ni kutaja bei kwa kukadiria. Bei inapaswa kutoka kwenye hesabu.

Tuseme mteja anasafiri siku 10. Ziara mbili kwa siku ni ziara 20. Kila ziara ni kwenda na kurudi, kwa hiyo ni safari 40 za toleka, baiskeli zetu za abiria. Mteja akikaa Makiso na mtunzaji akikaa Makiso, pengine miguu inatosha. Mteja akikaa Mangobo, nauli inaanza kula faida. Akiwa Lubunga, ng'ambo ya mto, ni kuvuka maji mara 40, na jioni mvua ikinyesha kivuko hakimsubiri mtu.

Kwa hiyo bei ya haki ina sehemu nne: chakula cha mnyama kama mteja hakukiacha, usafiri, muda wa mtunzaji, na akiba ya dharura. Chakula kisichanganywe na malipo ya kazi. Mteja akiacha unga, mchele na samaki vya kutosha, ugomvi unapungua.

Muda nao una mwisho. Ziara ya nusu saa ikijumlishwa na njia inakuwa kama saa nzima. Wateja wanne kwa siku ni ziara nane, na hizo ni saa nane za kazi. Mtu mmoja hawezi kuzidisha hapo bila kuanza kuiba dakika za mbwa. Ndiyo maana ni busara kuanza na komini moja, hata mitaa miwili tu, badala ya kutangaza huduma kwa komini zote sita.

Tarehe ya kurudi

Tatizo linaloihusu Kisangani zaidi ya miji mingi ni safari yenyewe. Kutoka hapa hadi Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Anayepanda ndege anaweza kutaja siku ya kurudi. Anayepanda boti hutaja mwezi, na boti ikikwama kwenye mchanga hata mwezi huo hauaminiki.

Mtunzaji aliyelipwa siku 10 na kuachiwa mbwa siku 30 yuko kwenye mtego. Akiacha kwenda, mnyama anateseka. Akiendelea, anamlisha kwa pesa yake mwenyewe.

Dawa yake ni karatasi moja inayosainiwa kabla ya safari. Iandikwe siku ya kuanza, siku ya kurudi, malipo ya kila siku inayozidi, na jina la ndugu au rafiki wa mteja aliye hapa mjini ambaye atachukua uamuzi mwenyewe asipopatikana. Huyo ndiye atakayeulizwa kama mbwa apelekwe kwa mganga wa mifugo na kwa gharama ya kiasi gani. Nusu ya malipo itolewe mapema. Siku hizi inayobaki inaweza kutumwa kwa simu kutoka popote mteja alipo.

Karatasi hiyo itaje pia mazoea ya mnyama: anakula nini, anaogopa nini, aliwahi kung'ata, na kama ni jike, lini alipata joto mara ya mwisho. Jike lililo kwenye joto huvuta madume ya mtaa mzima, na mwenyewe akirudi kukuta mimba, lawama haitakwenda kwa madume hayo.

Chanjo kwanza, mazungumzo baadaye

Hapa ndipo kazi hii inapogusa maisha ya mtu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika visa 99 kati ya 100, binadamu huambukizwa na mbwa. Watoto wa chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 40 ya wanaokufa.

Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Zaidi ya hapo, mbwa anaweza kuwa na virusi mateni siku kadhaa kabla hajaonekana mgonjwa. Mbwa mpole wa leo si uthibitisho wa chochote.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja liwe moja: karatasi ya chanjo iko wapi? Kama haipo, mbwa apelekwe kwanza kwa mganga wa mifugo, na ifanyike wiki kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa kinga haijengeki kwa siku moja. Mteja akikataa, ni heri kumpoteza mteja. Mtunzaji mwenyewe, ambaye atashika mbwa wa watu kila siku, ni miongoni mwa watu wanaoshauriwa kupata chanjo kabla ya kung'atwa.

Akitokea kung'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona kama kidonda kitavimba. Mbwa naye asiuawe haraka: afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwani hali yake itawasaidia waganga kujua hatari iliyopo.

Sufuria ya nyumbani

Mbwa wengi wa Kisangani hula kinachobaki mezani: fufu, lituma, wali, vichwa vya samaki. Mtunzaji asije na chakula kipya kwa kutaka kumfurahisha mteja, kwa sababu kubadili ghafla huleta kuharisha. Aangalie vitu viwili ambavyo nyumba nyingi hazivijui. Vitunguu, hata vikipikwa ndani ya mchuzi, huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano na inaweza kutoboa utumbo.

Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, na joto lenye unyevu hudumu mwaka mzima. Maji safi mara mbili kwa siku, kivuli, na vidole vinavyopapasa masikio na mapaja kutafuta kupe ni muhimu kuliko shampuu ya dukani.

Mbwa wa kwetu wana sifa zao pia. Aina inayoitwa Basenji, ambayo Ulaya iliifahamu kutokana na mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo, ilionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, Uingereza, mwaka 1937. Watu walishangaa kwamba haibweki kama mbwa wengine. Anayemtunza mbwa wa namna hiyo asisubiri kelele ili ajue kuna shida. Atazame macho, sahani na mavi.

Kasuku na makako: sema hapana

Siku moja mteja atauliza: na kasuku wangu je? Au makako mdogo aliyenunuliwa njiani?

Jibu linapaswa kuwa tayari. Kasuku wa kijivu yuko tangu Januari 2017 kwenye orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ile inayokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliotoka porini. Nchini mwetu, sheria namba 14/003 ya Februari 11, 2014 inahusu uhifadhi wa mazingira ya asili, na taasisi ya ICCN ndiyo yenye kazi ya kuwalinda wanyama hawa. Mtunzaji anayempokea mnyama wa porini asiye na vibali anajiingiza kwenye kesi ya mtu mwingine.

Nchi yetu ina watu wanaoifanya kazi hiyo kwa taaluma. Lola ya Bonobo ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Claudine André mwaka 1994, inalea bonobo yatima walionyang'anywa wafanyabiashara. Kule Kivu ya Kusini, kituo cha Lwiro kinapokea sokwe na makako tangu mwaka 2002. Huko ndiko wanakostahili kupelekwa.

Kuna sababu ya afya pia. Mwaka 2003, nchini Marekani, panya wakubwa walioletwa kutoka Ghana waliwekwa karibu na wanyama wadogo wanaofanana na kindi, waliokuwa wakiuzwa kwa ajili ya kufugwa nyumbani. Mpox ikapita kutoka kwa hao kwenda kwa hawa, kisha kwa wanunuzi, na watu 47 wakahesabiwa kuwa wagonjwa. Sisi wa Kongo, ambako kisa cha kwanza cha binadamu kilitambuliwa mwaka 1970, hatuhitaji kufundishwa mara mbili.

Nani anajibu?

Kanuni ya Madeni na Mikataba, kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia, inasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama, au anayemtumia wakati yuko mikononi mwake, anawajibika kwa hasara iliyoletwa na mnyama huyo, hata kama alikuwa amepotea au ametoroka. Mtunzaji anayelipwa asijidanganye kwamba jambo hilo halimhusu. Lango aliloliacha wazi linaweza kumfikisha mahakamani.

Ndiyo maana inafaa kujulikana kisheria tangu mwanzo. Chini ya taratibu za OHADA, ambazo Kongo iliingia mwaka 2012, anayeanza na kidogo anaweza kujitangaza kwenye rejista ya biashara, RCCM, kama mjasiriamali mdogo, bila kufungua kampuni. Mteja mwenye nyumba na mali humwachia funguo kwa moyo mtu ambaye jina lake liko mahali fulani.

Na funguo ndizo biashara yenyewe. Anayekuachia mbwa amekuachia pia lango, uani, na habari kwamba hayupo. Usiseme sokoni kwamba fulani amesafiri. Usimtume mdogo wako badala yako bila kumwarifu mteja. Kila jioni tuma picha moja: mbwa, sahani tupu, lango lililofungwa.

Jirani mwema ataendelea kuwapo, na hakuna biashara itakayochukua nafasi yake. Ila anayetaka kulipwa kwa kazi ya jirani anatakiwa kwenda hatua ambazo jirani hakuwahi kuombwa: aulize chanjo, aandike tarehe, akatae kasuku, ahesabu nauli. Akifanya hivyo kwa wateja wawili wa kwanza, wa tatu ataletwa na hao wawili.